Mbwa Wako Hajui Nduthi Ni Nini

Mwaka jana niliposti video ya Chapo akinifuata bila kamba kando ya Kamiti Road. Alikuwa na miezi minne, masikio bado hayajaamua kama yatasimama ama yatalala. Mimi mbele, yeye nyuma, mathree zinapita hapo kando, muziki juu. Ilipendwa kuliko kitu kingine chochote nilichokuwa nimeposti. Watu wakasema huyo mbwa amefunzwa akafunzika. Amefunzwa wapi? Nilikuwa na soseji mfukoni.

Hiyo video nimeitoa, na leo nataka kusema mbona.

Wiki mbili baadaye tulikuwa barabara ile ile, na safari hii nilikuwa nimemfunga, usidhani. Kola shingoni, kamba mkono mmoja, simu mkono wa pili. Kola nilikuwa nimeiacha legelege kwa sababu nilimhurumia. Mathree ikatokea nyuma yetu na ile honi ya kuimba. Chapo hakuruka mbele vile ungetarajia. Alirudi nyuma, akainamisha kichwa, na kola ikamtoka kama soksi. Nikabaki nimeshika kamba na kola tupu, na mbwa yuko katikati ya lami.

Nikaongeza kosa juu ya kosa: nikamkimbiza nikipiga nduru. Mtoto wa mbwa ukimkimbiza, anaona ni mchezo ama anaona ni hatari, na vyote viwili jibu lake ni kuongeza mbio.

Jamaa wa nduthi alikuwa anakuja amebeba mtungi wa gesi. Akamkwepa, nduthi ikalala, mtungi ukabingirika hadi kwa mtaro, na yeye akateleza na goti kwa lami. Chapo akaingia chini ya meza ya mama mboga akiwa mzima, hana hata mkwaruzo. Goti la yule jamaa lilishonwa nyuzi sita na akakaa siku nne bila kazi. Nililipa hospitali na kioo cha pembeni, na hizo siku nne nazo tukaketi tukazipigia hesabu. Ilikuwa haki yake. Lakini kilichonimaliza ni kile alichosema akiwa bado ameketi pale chini, akitazama chini ya ile meza: "Nilidhani ni mtoto wa mtu."

Ndio maana nikisikia mtu akisema "mbwa wangu ananijua, hawezi niacha," mimi hukasirika. Najua anakujua. Shida ni kwamba hajui nduthi ni nini. Hajui honi, hajui breki, hajui lori likipumua ile hewa yake linaposimama. Ukimwachilia kando ya barabara, kazi ya kumlinda umemtupia dereva ambaye hata hamjuani.

Na dereva hana nafasi hiyo. Mjini kasi ya juu kabisa ni kilomita 50 kwa saa, ambayo ni karibu mita 14 kila sekunde. Akichukua sekunde moja kushtuka na kufikia breki, ameshasonga hizo mita 14 kabla gari lianze hata kupunguza mwendo. Mbwa anahitaji mita mbili tu kutoka ukingoni hadi chini ya gurudumu. Na hapo tumesema 50. Wewe na mimi tunajua Kamiti Road ikiwa wazi watu huenda aje.

Kuna wale wataniambia mbwa wa ocha hawafungwi na wanaishi tu. Ni kweli, kwa shosho yangu mbwa wanazurura mpaka mtoni na kurudi. Lakini njia ya huko inapitwa na ng'ombe, na probox moja asubuhi. Halafu usisahau wale ambao hawarudi. Hao hatuwazungumzii, tunaletewa tu mwingine.

Sasa kamba yenyewe. Mimi sikuhizi simfungi shingoni tukienda barabarani. Natumia mkanda wa kifuani, ule unaopita mbele ya kifua na nyuma ya miguu ya mbele. Akivuta hajinyongi, na akirudi nyuma si rahisi kutoka, bora uwe umekaza. Kipimo ni vidole viwili vilale kati ya mkanda na mwili wake. Vikiingia vitatu, kaza. Na upime kila wiki, kwa sababu hawa watoto wanakua ukilala. Kama za dukani ni bei, nenda kwa fundi wa mabegi mtaani kwenu. Wangu alinishonea kwa mikanda ya begi kuukuu la shule, akaweka na kulabu la chuma. Kamba ya manila iliyofungwa kitanzi shingoni hiyo hapana, hiyo inakaza kila akivuta.

Urefu, mita moja na nusu inatosha. Zile za kujikunja ndani ya kishikio, zinazofika hata mita tano, ziache za uwanjani. Kando ya lami mita tano ni kama hujamfunga. Na usijizungushie kamba mara kumi kwa vidole. Pitisha mkono kwa kitanzi, funga ngumi, na simu iingie mfukoni. Najua. Hata mimi ilinikata.

Kitu kingine ambacho hakuna mtu aliwahi kuniambia: upande. Wengi tumeona mbwa akitembezwa kushoto, basi tunaiga. Lakini ukitembea ukiangalia magari yanayokuja, hapa kwetu barabara iko kushoto kwako. Umemweka mbwa kati yako na mathree. Mpeleke kulia, wewe ukae katikati. Na bado umshike karibu, kwa sababu nduthi zetu hazijui barabara inaishia wapi.

Wanaoona kamba ni ushamba, waende Karura. Mle msituni hakuna mathree, na bado sheria yao ni mbwa awe kwa kamba.

Chapo nilimrudisha barabarani polepole. Jumapili saa moja asubuhi, kabla watu wa kanisa hawajatoka, tulikuwa tunaketi mbali na lami. Gari likipita bila yeye kuruka, anapata kipande cha nyama. Akitetemeka tunasonga nyuma zaidi. Ilichukua karibu miezi miwili, na haina video nzuri, ni mtu na mbwa wameketi kwa nyasi wakiangalia magari. Nyumbani nilimfunza na kile ambacho ningefanya siku ile: nachuchumaa, namwita, ama nakimbia upande wa pili ili yeye ndiye anifukuze.

Yule jamaa wa nduthi tunapatana pale steji karibu kila siku. Goti lilipona ila lina alama. Akituona huwa anapunguza mwendo kwanza, ananiuliza, "Kamba iko?" Nainua mkono aione, ndio anapita.