Gari Kuukuu, Betri Mpya

Fundi wa majahazi hachomi moto chombo kizima kwa sababu ubao mmoja umeoza. Hukipandisha pwani, akautoa ubao mbovu, akapigilia mwingine, akakalafati, kisha chombo kikarudi majini. Busara hiyo ya wazee wetu ndiyo tunayotaka kuikumbusha leo, katika jambo ambalo kwa sura yake ni geni: gari la umeme ambalo bodi yake ingali nzima, lakini betri yake imechoka.

Kila mkaazi wa Unguja na Pemba anafahamu kwamba magari yetu mengi hufika hapa yakiwa yameshatumika Japani, nchi ambayo, kama sisi, huendesha kushoto. Japani ilianza kuuza gari la umeme la Nissan Leaf mwezi Desemba 2010. Magari ya mwanzo ya aina hiyo yamekwisha kuvuka umri wa miaka 10, na bei yake imeshuka. Hapana haja ya mnajimu kutuambia kwamba soko linalotuletea magari kuukuu ya petroli litatuletea na haya. Tena yana sifa za kuvutia: hayataki petroli, ambayo kila tone lake twaliagiza kutoka ng'ambo, hayataki oili ya injini wala plagi, wala hayatoi moshi katika vichochoro vya Mji Mkongwe.

Lakini mnunuzi wa gari la namna hii hana budi kujua kwamba anachonunua hasa ni betri. Betri ya Leaf za mwanzo ilikuwa na uwezo wa kuweka uniti 24 za umeme, na kwa kipimo cha Serikali ya Marekani gari lilipokuwa jipya liliweza kwenda kilomita 117. Ilitengenezwa kwa lithiamu na manganisi, na haikuwekewa mtambo wa kuipoza kwa maji. Mwaka 2012 wenye magari hayo katika jimbo la Arizona, lenye joto kali, walilalamika kwamba betri zao zinapungua nguvu mapema mno. Kampuni ikalazimika kutoa dhamana ya uwezo wa betri, na baadaye ikabadili mchanganyiko wake ili ustahimili joto zaidi. Fundisho lake ni wazi: adui mkubwa wa betri ile ni joto. Na sisi, kuanzia kaskazi hadi masika, joto tunalo bila ya kuliagiza.

Tupige hesabu ndogo. Betri iliyobakiwa na asilimia 60 ya nguvu zake itamfikisha mwenyewe kilomita 70 hivi. Kutoka Mjini hadi Nungwi ni karibu kilomita 60. Basi mtu huyo atakwenda Nungwi asubuhi kwa furaha, lakini asipopata mahali pa kuchaji, jioni atarudi juu ya lori. Fedha alizozikusanya kwa miaka atakuwa amezifukia katika kitu ambacho hakimtoi Mjini na kumrejesha.

Je, gari hilo sasa ni la kutupwa? Hasha. Hapo ndipo busara ya fundi wa jahazi inapotufaa. Ipo leo betri ya lithiamu, chuma na fosfati, ambayo utafiti wake ulitangazwa mwaka 1997 na kundi la mwanasayansi John Goodenough wa Marekani, aliyekuwa miongoni mwa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Kufikia mwaka 2024 aina hiyo ilikuwa imeshika karibu nusu ya soko la betri za magari ya umeme duniani. Haihitaji nikeli wala kobalti, madini ya bei ghali. Hustahimili kuchajiwa na kutumiwa mara maelfu. Huvumilia joto kuliko nyingi za wenzake, na hata ikiharibika si nyepesi kushika moto kama wao. Udhaifu wake ni kwamba ni nzito kwa kiasi kile kile cha umeme, na haipendi kuchajiwa katika baridi ya kugandisha maji. Baridi hiyo kwetu haijulikani. Kwa hiyo betri hii inafaa hali ya hewa ya visiwa vyetu kuliko ile iliyokuja na gari.

Hata hivyo, tusidanganyane. Kubadili betri ya gari la umeme si sawa na kubadili betri za tochi. Betri ya Leaf ina uzito wa karibu kilo 300, na umeme wake hukaribia volti 400, ilhali ule wa majumbani mwetu ni volti 230. Umeme wa namna hiyo hausamehi kosa. Aidha, seli moja ya aina ya zamani hutoa volti 3.7 hivi, na ya aina mpya 3.2. Kwa hiyo idadi ya seli haiwi ile ile, na kompyuta ndogo inayoisimamia betri lazima ibadilishwe au ifundishwe upya. Betri mpya ina tabia nyingine pia: volti zake hazishuki sana mpaka inapokaribia kwisha. Kompyuta isiyoifahamu tabia hiyo humwambia dereva kwamba umeme upo, na mara gari likasimama katikati ya njia. Kibaya zaidi, kompyuta hiyo huweza kuijaza betri kupita kiasi, na hatari yake haihitaji kuelezwa kwa watu wanaoishi katika nyumba zilizobanana.

Kwa hiyo maoni yetu ni kwamba Serikali isingoje magari haya yajae barabarani ndipo ianze kutafuta kanuni. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwanza, afya ya betri ipimwe na kuandikwa kabla gari halijapokewa bandarini. Kipimo hicho hakihitaji maabara kubwa. Kompyuta ya gari lenyewe huhifadhi habari zake, na mkaguzi aliyefunzwa huweza kuzisoma kwa chombo kidogo. Taasisi ya Viwango Zanzibar ikiweka kiwango cha chini, mwananchi atajua ananunua nini, na mfanyabiashara mwaminifu hatashindwa na yule anayeuza gari lililokwisha nguvu kwa bei ya gari zima.

Pili, kubadili betri kuruhusiwe, lakini kuwe kazi ya mafundi waliosomea na kupewa kibali. Tunayo Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia, na tunayo Mamlaka ya Mafunzo ya Amali. Vijana wetu wanaoifumua injini ya dizeli na kuifunga tena hawashindwi na kazi hii. Wanachohitaji ni mwalimu, glavu za kukinga umeme, na vifaa. Chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Mwananchi akishabadili betri, gari lake likaguliwe upya, na aina ya betri iandikwe katika kadi ya gari, ili hata wazimamoto wajue wanakabiliana na nini.

Tatu, tujue mapema betri kuukuu zinakwenda wapi. Hatukubali kamwe zitupwe jaani Kibele pamoja na maganda ya nazi, wala zizikwe karibu na visima vyetu. Betri iliyoshindwa kuendesha gari ingali na kazi. Huko Namie, Fukushima, kilifunguliwa kiwanda mwaka 2018 cha kuzipima na kuzipanga upya betri za Leaf, na mwaka huo huo betri iliyorekebishwa ilitangazwa kwa yen 300,000, chini ya nusu ya bei ya mpya. Sisi tunaweza kuanza kwa udogo. Betri iliyobakiwa na nusu ya uwezo wake huweza kutunza umeme wa jua kwa ajili ya taa za skuli au friji ya dawa katika kituo cha afya. Nani aliyesahau miezi mitatu ya giza, kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, pale waya wa chini ya bahari ulipoharibika na Unguja nzima ikakosa umeme?

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kuyapiga marufuku magari ya umeme yaliyotumika. Hoja yao ina uzito, kwani kisiwa kidogo hakina pa kuficha taka. Lakini marufuku hayo yatamwachia tajiri peke yake gari jipya, na mwananchi wa kawaida atabaki na petroli kila bei yake inapopanda. Wapo pia watakaosema biashara iachwe ijiendeshe. Hao tunawauliza: mnunuzi asiyeweza kuiona betri kwa macho atajilinda kwa nini?

Wito wetu kwa viongozi ni kwamba kanuni zitangulie, magari yafuate. Kwa wananchi tunasema: ukiuziwa gari la umeme kwa bei ya kutamanisha, usiangalie rangi wala viti. Uliza betri yake imebakiwa na nguvu kiasi gani, na nani hapa visiwani ataweza kuibadili. Ukikosa jibu la maswali hayo mawili, shika fedha zako.