Ubao wa pamoja: tuandike kazi, tusiandike majina



Kila wiki swali ni lile lile: nani anafanya nini, na wapi? Jibu liko mahali fulani ndani ya grupu za WhatsApp, katikati ya maodio ya dakika nane, salamu za asubuhi na video za mpira. Anayetafuta hapati. Anayeingia leo anakuta mazungumzo yako katikati, anaona haya kuuliza, ananyamaza. Matokeo tunayajua: wa Kadutu wanaandaa salongo yao, wa Ibanda wanaandika barua yao, wa Goma wanadai maji peke yao, na kila mmoja anafikiri yuko yeye tu.

Juu ya hiyo tunasema: tufungue ubao mmoja wa pamoja ku intaneti. Ni ubao mweupe kama ule wa shule, lakini kila mtu anauandikia kutoka simu yake ao komputa, na wengine wanaona palepale. Haulipishwi. Hauhitaji ofisi.

Kuko wale watasema: ubao wa nini, na WhatsApp tuko nayo? WhatsApp inapanga maneno kufuatana na saa. La jana linafunikwa na la leo, hata kama la jana njo lilikuwa na maana. Ubao unapanga maneno kufuatana na kazi. Hapo njo tofauti iko.

Tuchukue mfano wa kwetu. Mvua ikinyesha Bukavu, chupa na mifuko ya plastiki inateremka na mifereji mpaka Ziwa Kivu. Ziwa linatokea ku mto Ruzizi, na maji ya Ruzizi njo yanazungusha mitambo ya umeme. Plastiki inafika pale, inaziba. Mtambo ukisimama, kartie zinaingia gizani. Na pale pampu inategemea umeme, bomba nalo linakauka. Kwa hiyo anayelilia takataka, anayelilia umeme na anayelilia maji, wote watatu wanalia juu ya kitu kimoja. Ku WhatsApp ni grupu tatu zisizojuana. Ku ubao ni mstari mmoja: taka, mfereji, ziwa, bwawa, umeme, bomba.

Halafu kwa kila kisanduku tunauliza maswali mawili. Hapa nani anapaswa kujibu: meri, mkoa, SNEL, REGIDESO? Na sisi, hapa tumefanya nini? Pale kisanduku kinabaki kitupu, njo pengo letu. Ndugu zetu wa Goma, wanaoona watoto wakipanda na bidon za maji kutoka ziwani, watajiona ku ubao ule ule, kwa sababu ziwa ni moja. Ile njo tunaita rezo: kazi ya huyu kukutana na kazi ya yule. Kuhesabu namba za simu peke yake si rezo.

Lakini hapa tuseme wazi. Watu wengi wakisikia «kujenga rezo», wanaanza kuchora mviringo na kuandika jina, kartie, namba, kisha mshale kwenda kwa rafiki. Kwa hiyo tunasema hapana. Nchi yetu tunaijua. Mwezi wa 3, 2015, vijana walikutana Kinshasa kwa warsha ya uraia, wakakamatwa. Fred Bauma na Yves Makwambala walitoka gerezani mwezi wa 8, 2016. Mwezi wa 5, 2021, Kivu ya Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya état de siège, na raia aliweza kupelekwa mbele ya korti ya jeshi. Mtu akikamatwa, simu yake nayo inakamatwa. Ubao wenye majina yetu na mishale kati yetu ungekuwa zawadi kwa yule anayetutafuta. Tungekuwa tumemfanyia kazi yake, tena kwa rangi.

Basi tunapendekeza kanuni tano, tuzijadili pamoja:

1. Kazi, siyo majina. Tuandike «barua kwa meri juu ya mifereji: iko tayari, inatafuta watu wa kuipeleka». Tusiandike nani aliandika, nani atalala wapi, nani anatoa pesa.

2. Kiungo ni ufunguo. Ku Excalidraw, kwa mfano, hufungui akaunti, na maandishi ya kikao cha pamoja yanafungwa kwa siri. Lakini ufunguo wenyewe uko ndani ya kiungo: aliye nacho anaingia. Kwa hiyo kiungo hakitupwi ku grupu ya watu mia mbili. Kikivuja, tunafungua ubao mwingine.

3. Mamega isiwe ukuta. Si kila mtu anaweza kununua mamega ya kila siku, na umeme haupo kila siku. Kila Jumapili ubao ugeuzwe picha nyepesi, itumwe kwa wote. Asiyeweza kuufungua aseme kwa SMS, mwenzake amuandikie.

4. Zamu. Tulikataa kuwa na prezida. Tusizae shefu mpya kwa sababu eti yeye njo ana komputa. Atakayepanga ubao abadilike kila mwezi, na wadada wawe ndani ya zamu tangu mwezi wa kwanza, si kuitwa tu kupamba maandishi.

5. Ubao hauamui. Tunaamua kwa kikao, kwa kusikilizana mpaka tukubaliane. Ubao unaonyesha tu.

Na tusisahau: intaneti si yetu. Mwezi wa kwanza 2015, watu walipoingia barabarani kukataa sheria ya uchaguzi, ilikatwa. Tarehe 31 mwezi wa 12, 2018, kesho yake ya kupiga kura, ilikatwa tena. Kwa hiyo kila timu ibaki na daftari, na kila timu ijue njia ya kufika kwa timu jirani kwa miguu. Ubao ukizimwa, kazi iendelee.

Tuanze kidogo. Wiki hii, kila timu ilete vitu vitatu tu: kazi moja inayoendelea, kitu kimoja inachokosa, kitu kimoja inachoweza kusaidia wengine. Kama Kadutu wako na makoleo na Bagira wako na mikono, wajuane kabla mvua haijarudi.

Mfereji hauulizi jina la yule aliyeuzibua.