Barua ya Wazi kwa Mamlaka ya Maji Arusha: Chupa Inajieleza, Bomba Limenyamaza

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Arusha (AUWSA),
Arusha.

YAH: OMBI LA KUBANDIKA VIPIMO VYA FLORAIDI MAHALI MAJI YANAPOCHOTWA

Ndugu Mkurugenzi,

Kwa heshima na taadhima nakuandikia barua hii hadharani, si kwa sababu milango ya ofisi yako imefungwa, bali kwa kuwa jambo ninalolileta ni la watu wote wanywao maji chini ya Mlima Meru, nao wana haki ya kulisikia ombi linaloombwa kwa ajili yao na kulisikia jawabu litakalotolewa. Ombi lenyewe ni moja: kwamba kipimo cha floraidi cha maji ya kila mtaa kiandikwe waziwazi pale pale yanapochotwa, kwa Kiswahili na kwa tarakimu ambazo kila mwenye ndoo anaweza kuzisoma, kwani naamini kuwa wingi wa chupa za plastiki katika jiji letu ni tunda la khofu, na khofu ya namna hii haiondolewi ila kwa habari ya kweli.

Khofu hiyo haikuzuka bure. Mlima Meru ni mlima wa moto, na miamba na majivu uliyoyatapika katika zama zilizopita yamesheheni floraidi, hata maji ya mvua yakipenya ardhini na kupita katika tabaka hizo huiyeyusha na kutoka nayo katika chemchemi na visima ambavyo wazee wetu walivipokea kama neema ya Mola, bila ya kuwa na chombo cha kuwaambia kilichomo. Katika Maziwa ya Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, kipimo hufika mamia ya miligramu kwa lita. Katika vijito na visima vya Ngurdoto, Maji ya Chai na vijiji vingine vya Arumeru aghalabu hupita kwa mbali miligramu 1.5 kwa lita, ambao ndio mpaka uliowekwa na Shirika la Afya Duniani. Anywaye floraidi nyingi utotoni, wakati meno ya ukubwani yanapojengeka ndani ya ufizi, huota meno ya kahawia yenye madoa na vishimo, na hakuna mswaki utakaoyang'arisha. Anayeendelea kuinywa miaka na miaka huweza kupata maumivu ya viungo na ukakamavu wa mifupa, na wako watoto wa kandokando ya mlima huu waliokua na miguu iliyopinda. Nayo haitii moto: kuchemsha maji huua vijidudu, lakini floraidi hubaki, na kadiri maji yanavyopungua sufuriani ndivyo inavyozidi kukolea.

Fauka ya hayo, watu wana kumbukumbu. Kwa miaka mingi nchi yetu, kwa kulazimishwa na uhaba wa maji, iliruhusu floraidi hadi miligramu 8 kwa lita, baadaye ikaushusha mpaka huo hadi 4, na ni katika miaka ya karibuni tu ndipo kiwango cha taifa kilipolingana na kile cha dunia. Si ajabu basi kwamba mtu aliyekulia Usa River au Ngarenanyuki, ambaye kila asubuhi huiona katika kioo alama ya maji aliyonyweshwa utotoni, humkataza mwanawe maji ya bomba na kumtuma dukani. Naye akiigeuza ile chupa mkononi hukuta karatasi iliyoorodhesha madini yaliyomo, floraidi ikiwamo, pamoja na alama ya Shirika la Viwango. Chupa inajieleza, bomba limenyamaza. Kati ya anayesema na anayenyamaza, mwenye khofu humwamini anayesema, nami simlaumu.

Walakini dawa hii ya chupa ina madhara yake, na ni wajibu wangu kuyataja pasipo kuyakuza. Mwaka 2018 wataalamu wa chuo kikuu kimoja cha Jimbo la New York walipima chupa 259 zilizonunuliwa katika nchi tisa, Kenya ikiwa mojawapo, wakakuta chembe za plastiki katika chupa 93 kwa kila 100. Mwezi Januari 2024 wenzao wa vyuo vikuu vya Columbia na Rutgers, kwa ala zenye uwezo mkubwa zaidi, walihesabu wastani wa chembe kama 240,000 katika lita moja ya maji ya chupa yauzwayo Marekani, nyingi zikiwa ndogo kiasi cha kuweza kupenya kuta za utumbo na kuingia katika damu. Shirika la Afya Duniani lilikwisha kusema mwaka 2019 kwamba ushahidi uliopo hautoshi kukata shauri juu ya ukubwa wa dhara, likahimiza uchunguzi zaidi; basi nami sidai kuwa chupa inaua. Nasema tu kwamba mzazi anayekimbia madini asiyoyaona asiachwe adhani kwamba amekimbilia kwenye usafi mtupu.

Tena iko habari ya joto. Plastiki ya chupa hizi hutengenezwa kwa msaada wa madini yaitwayo antimoni, nayo huzidi kuingia katika maji kadiri chupa inavyopata joto na kukaa muda mrefu. Ni nani katika Arusha asiyeziona katoni zilizopangwa barazani mwa maduka ya karibu na stendi, nailoni iliyozifunga ikimeremeta juani tangu asubuhi hadi alasiri, mpaka mchuuzi anapokuja kuichana, akazitumbukiza chupa katika ndoo ya barafu, na kukimbia nazo kwenye madirisha ya mabasi, ili abiria aipokee ikiwa baridi, na ubaridi huo ukamsahaulisha kuuliza ilikoshinda?

Maji yakiisha, chupa huanza maisha ya pili. Kopo lililokuwa na maji leo, kesho hutiwa maziwa au mafuta ya kupikia sokoni, na nyumbani mara nyingine hutiwa mafuta ya taa, yakawekwa pembeni mwa jiko, mahali ambapo mtoto mwenye kiu hayatofautishi na maji. Makopo yasiyotumika tena hutupwa. Waokota makopo, ambao kwa jasho lao hututendea hisani kubwa kuliko tunavyokiri, hupita alfajiri na magunia mgongoni wakiyakusanya ili wayauze kwa kilo. Lakini hawawezi kuyamaliza. Mengine hupelekwa dampo la Muriet. Mengine huchomwa uani pamoja na taka, moshi wake mweusi ukaingia katika vyumba walalamo watoto. Na mengi hungoja masika. Mvua kubwa ikinyesha, mitaro huziba, maji ya barabarani hupanda hadi milangoni mwa watu, na makopo husombwa na mito yetu ya Naura na Themi kuelekea Kikuletwa, ambao humwaga maji yake katika bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo Mto Pangani huyabeba hadi Bahari ya Hindi. Basi kopo lililotupwa Ngarenaro si uchafu wa Ngarenaro peke yake: ni mgeni asiyealikwa wa wavuvi wa bwawani na wa pwani, watu ambao hawakuonja hata tone la faida yake.

Jambo jingine ni la uadilifu. Bei ya chupa moja hutosha kujaza madumu kadhaa kwenye gati la maji, hivyo mwenye uwezo huinunua siha yake kila siku, ilhali asiye na uwezo hunywa alichojaaliwa na kisima kilicho karibu. Chupa haikuliondoa tatizo la floraidi chini ya Meru. Imeligawa tu, ikawaachia maskini fungu lote la madhara yake.

Wala hatukosi maarifa. Pale Ngurdoto, chini ya mlima wenyewe, kipo kituo cha utafiti cha Serikali ambacho kwa miaka mingi kimeonyesha kwamba mkaa wa mifupa ya ng'ombe hunasa floraidi ndani ya chujio la nyumbani. Jirani zetu wa Nakuru, Kenya, walioumbiwa ardhi kama yetu, wametumia njia hiyo hiyo. Katika Taasisi ya Nelson Mandela, hapo Tengeru, Dakta Askwar Hilonga alibuni chujio la mchanga lenye chembe ndogo mno zinazoweza kuchaguliwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali, naye mwaka 2015 akawa wa kwanza kutunukiwa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi, itolewayo na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza. Na Mamlaka yako yenyewe imekabidhiwa mradi wa shilingi bilioni 520, ulioungwa mkono kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na ambao jiwe lake la msingi liliwekwa na Hayati Rais John Magufuli mwezi Desemba 2018. Madhumuni yake yalikuwa kuongeza maji kutoka lita milioni 40 hadi milioni 200 kwa siku, na kupunguza floraidi kwa kuleta maji ya visima bora. Ni kazi ya kushukuriwa. Lakini faida ya kazi hiyo haitamfikia kwa ukamilifu mwananchi ambaye maji mazuri yanapita katika bomba lake naye bado ananunua chupa, kwa kuwa hakuna aliyemwambia.

Ndiyo maana naomba, kwanza, kila gati, kila shule na kila zahanati iwe na ubao wenye mambo matatu tu: kipimo cha floraidi, tarehe kilipochukuliwa, na mpaka wa 1.5. Mwenye bomba nyumbani aandikiwe kipimo hicho hicho katika ankara yake ya mwezi. Pili, pale ambapo kipimo bado kiko juu, ubao useme hivyo bila ya kuficha, na kando yake liwekwe bomba moja la maji yaliyochujwa kwa ajili ya kunywa na kupikia, kwa maana maji ya kufulia na kuogea hayahitaji gharama hiyo. Tatu, kwa kushirikiana na Halmashauri ya Jiji, mabomba ya namna hiyo yawekwe stendi, Soko Kuu na soko la Kilombero, ili msafiri na mchuuzi wajaze vyombo vyao wenyewe.

Najua wako watakaosema kwamba kutangaza kipimo kibaya ni kuwatia watu taharuki. Nawajibu kuwa taharuki ipo tayari, nayo inahesabika katika makopo yaliyoziba mitaro. Kinachokosekana ni mpaka wake. Leo anayeishi mtaa wenye maji salama na anayeishi mtaa wenye maji mabaya wanaogopa sawasawa, au hawaogopi sawasawa, na wote wawili wamekosea. Ubao utamwondolea wa kwanza gharama isiyo lazima, na utamwokolea wa pili meno na mifupa ya watoto wake.

Wala tusiseme kwamba watu wetu hawaachi mazoea. Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania iliiaga mifuko ya plastiki, na masoko hayakufungwa. Wapandao Kilimanjaro hawaruhusiwi kupanda na chupa za maji za kutupwa, na mlima haukukosa wageni. Kenya ilizikataza katika hifadhi zake tangu tarehe 5 Juni 2020. Arusha ni makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na inajiandaa kupokea wageni wa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027. Nataka mgeni huyo, na kabla yake mtoto wa Muriet na wa Maji ya Chai, aweze kusimama mbele ya bomba la mji huu, asome kilichomo, na anywe.

Vipimo, wataalamu wako wanajua kuvichukua. Kuvibandika hakuhitaji mkopo. Nangoja jawabu lako, nalo naliomba liwe la hadharani kama lilivyo ombi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkazi wa Jiji la Arusha

Nakala: Mkurugenzi wa Jiji la Arusha, Mkurugenzi Mtendaji, Halmashauri ya Wilaya ya Meru, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC).