Kama Imechapwa, Usiiite Maki-e

Kuna hoja imenichosha: "Lakini si zinafanana?" Wauzaji wa kalamu mtandaoni ndio huianzisha, halafu sisi wapenzi wa kalamu za wino tunairudia tukikutana Nairobi, kila mtu na zake mezani. Kalamu hii ni nyeusi, ina korongo wa dhahabu kwenye kifuniko. Ile nayo ni nyeusi, ina korongo wa dhahabu kwenye kifuniko. Ya kwanza inaweza kugharimu pesa za gari kuukuu, ya pili pesa za viatu vizuri. Maboksi yote mawili yameandikwa maki-e. Sasa, wanauliza, mjinga ni nani?

Mjinga hayupo. Kuna aliyeibiwa, na si mnunuzi.

Maki-e kwa Kijapani ni picha iliyonyunyizwa. Jina lenyewe limebeba kitendo. Fundi huchora kwa urushi, utomvu wa mti, kwa brashi nyembamba ajabu (zile bora za jadi zilitengenezwa kwa nywele za panya, na usicheke). Kabla mchoro haujakauka, anachukua kipande cha mwanzi chenye unga wa dhahabu, mdomo wake umefungwa kitambaa cha hariri, anakigonga kwa kidole, taratibu. Unga unashika palipo na utomvu. Kisha anasubiri. Kuna mtindo ambapo baada ya hapo picha yote hufunikwa kwa urushi nyingine, dhahabu ikapotea kabisa, halafu fundi akasugua kwa makaa mpaka ichomoze tena, ikiwa sawasawa na weusi unaoizunguka. Akizidisha kusugua kidogo tu, korongo amekwenda.

Na kusubiri kwenyewe si kule tunakokujua. Sisi tumezoea rangi inayokaushwa na jua na upepo. Urushi inataka unyevu. Kalamu huwekwa kwenye kabati lenye joto la wastani na unyevu wa asilimia 70 au zaidi, na humo kimeng'enya kilichomo ndani ya utomvu huvuta oksijeni na kuugeuza kuwa kitu kigumu ambacho maji na asidi hazikiwezi. Huwezi kuharakisha. Ukilazimisha, uso unajikunja kama ngozi ya maziwa. Tabaka moja, kabati. Tabaka lingine, kabati. Miezi inaisha hivyo, kwa kalamu moja.

Rudi nyuma zaidi, kwa mti. Hukuzwa miaka 10 hadi 15 kabla ya kuchanjwa. Kwa njia iliyozoeleka Japani, mti hugemwa msimu mmoja, kiangazi mpaka vuli, ukatoa takriban gramu 200, kikombe tu hicho, kisha ukakatwa ili machipukizi yaanze upya. Na utomvu mbichi una sumu ya kuwasha. Ngozi ya mwanagenzi hufura na kutoka vipele mpaka mwili uzoee, kama utazoea. Jina la mgema huyo huwezi kulikuta popote kwenye kalamu, lakini hiyo ni kesi ya siku nyingine.

Sasa ile kalamu ya bei ya viatu. Mwili wake ni plastiki. Korongo wake amepitishwa kwenye skrini ya kuchapia, njia ile ile inayopigia fulana za kampeni hapa kwetu. Dakika chache, na anayefuata ni pacha wake. Sina ugomvi na kuchapa. Ninayo moja ya namna hiyo, inaandika vizuri na ninaipenda. Ugomvi wangu ni neno. Wengine huongeza "ya kisasa" mbele ya maki-e wakidhani wametubu. Kisasa cha nini, ikiwa hakuna kilichonyunyizwa wala utomvu wa kukinyunyizia?

Nimejibiwa kwamba hii ilikuwa biashara tangu mwanzo, niache ushairi. Kweli, ilikuwa biashara. Ryosuke Namiki na Masao Wada walianzisha kampuni yao ya kalamu mwaka 1918. Eboniti, ule mpira mgumu uliotengenezea kalamu, ulikuwa ukipauka ukipigwa na mwanga, nao wakautafutia dawa kwenye urushi. Picha za dhahabu zilifuata, na kufikia 1930 walikuwa na mkataba na Alfred Dunhill wa kuziuza Ulaya. Lakini angalia walichofanya wafanyabiashara hao: mwaka 1931 mafundi wao waliundiwa chama, Kokkokai, chini ya Gonroku Matsuda, na fundi akaweka sahihi kwenye kalamu aliyoichora. Matsuda mwenyewe baadaye, 1955, serikali ya Japani ilimtambua kama hazina hai ya taifa. Kwa hiyo tusisingizie biashara. Biashara ilijua kutaja jina la mtu.

"Lakini maskini naye afurahie!" Afurahie, nani amemzuia? Mwambie tu amenunua nini. Anayemficha ukweli kwa sababu hana pesa anamdharau mara mbili.

Tarehe 1 Januari 2024 tetemeko la ukubwa wa 7.6 liliipiga rasi ya Noto. Wajima, mji unaoishi kwa urushi, uliporomoka, na moto ukateketeza mtaa wa soko lake la asubuhi. Septemba mwaka huo huo yakaja mafuriko. Wapo mafundi waliopoteza karakana na vifaa. Fundi kama huyo, mzee wa miaka 70, anapoamua kama ajenge kabati upya au aache, anashindana na mashine iliyovaa jina la kazi yake. Na kijana anayefikiria kujifunza anaziona bei zote mbili chini ya neno lile lile. Wewe ungejifunza?

Ukitaka kupima, tafuta picha za kalamu mbili za toleo moja. Hesabu manyoya ya korongo. Mkono haurudii, skrini haijui kutorudia. Kisha geuza kalamu utafute sahihi.

Wiki jana nilimwandikia muuzaji mmoja, ambaye tangazo lake lilisema "maki-e halisi", nikamuuliza tu: nani aliichora? Akanijibu kwa kuniwekea punguzo la asilimia 10.