Tuliporudi Kabla ya Old Moses



Mama yetu, ambaye umri wake wote ameupitisha ufuoni, kwa miaka mingi alikuwa akituomba jambo moja: aione barafu ya Mlima Kenya kabla haijamalizika. Hakuwa akikosea kuharakisha, kwani barafu hiyo inazidi kuyeyuka. Basi likizo ya Desemba tukatoka Mombasa, familia mbili katika gari moja, tukalala Nairobi kwa jamaa, na kesho yake tukaishika barabara ya Thika, Sagana na Karatina hadi Nyeri. Hapo tulisali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, rakaa mbili mbili. Maji ya udhu yalikuwa baridi hata watoto wakachekana kwa kutetemeka.

Alfajiri ya siku ya tatu Mama alituita uani. Upande wa kaskazini mashariki mawingu yalikuwa bado hayajapanda, na vilele vyote vilikuwa wazi, vyeusi, vyenye mikwaruzo myeupe. Alisimama kimya, tasbihi mkononi, mpaka chai ikapoa. Kwa hakika haja yake ilikwisha kutimia pale pale. Lakini sisi tulikuwa tumekwisha kulipia ziara ya siku moja pamoja na mwongozaji.

Tukapita Nanyuki, penye kibao cha ikweta na vijana wenye mabakuli wanaoonyesha eti maji huzunguka kushoto upande huu na kulia upande ule. (Ni mchezo wa mkono tu; bakuli ni dogo mno kuuhisi mzunguko wa dunia.) Langoni Sirimon mwongozaji, kijana mpole wa huko huko, alituuliza tumelala usiku mara ngapi tangu tutoke pwani. Tulipojibu mara mbili, alinyamaza kidogo, kisha akasema tutakwenda polepole.

Kutoka langoni hadi kibanda cha Old Moses ni kilomita 9 hivi, na mtu hupanda kutoka mita 2,650 hadi 3,300. Huko juu kani ya hewa ni kama theluthi mbili tu ya ile ya pwani. Njia yenyewe haitishi: ni pana, imepita kati ya mierezi na mipodo, na kinyesi cha tembo kimelala katikati. Tulipopumzika, mwongozaji alitusimulia habari za mateka watatu wa Kiitaliano waliotoroka kambini Nanyuki mwaka 1943, wakapanda mlima, wakasimika bendera yao Lenana, kisha wakarudi kambini wenyewe. Watoto walicheka sana kwa hilo la kurudi.

Miti ilipoanza kupungua, mwongozaji alisimama mbele ya binti wa kaka yetu, mwenye miaka 13, akamtazama usoni. Akamwuliza kama kichwa kinamwuma. Binti akakana. Akamwambia atembee hatua kumi kwa mstari ulionyooka, na mguu wa nne ukamponyoka.

"Tunashuka," akasema.

Kaka yetu alipinga. Kibanda kilikuwa karibu, pesa zimelipwa, na mtoto mwenyewe anasema ni mzima! Tunakiri kwamba wengine wetu tulikuwa upande wake. Kijana hakupandisha sauti. "Mzee, akipata nafuu huko chini, mnilaumu mimi kwamba nimewanyima Old Moses. Nitakubali." Kisha akamgeukia Mama, akamwita shosho, kama wanavyowaita bibi zao huko, akamwomba aseme. Mama alikuwa amekwisha kugeuka na kuanza kuteremka.

Saa moja baadaye binti aliomba maandazi. Alipokuwa akila ndipo alipotuambia kwamba kichwa kilimwanza usiku kule Nyeri, na kwamba njiani alitapika mara moja nyuma ya mti. Alificha kwa kuwa bibi yake alikuwa ameingoja safari hii miaka yote hiyo, naye hakutaka kuwa sababu ya kuiharibu. Kaka yetu alisikiliza, kisha akaenda kusimama mbali kidogo. Tulikumbuka kwamba asubuhi nzima tulikuwa tukimwuliza, "U mzima, sivyo?" Mtoto mwenye adabu atajibu nini zaidi ya ndiyo?

Mwongozaji alitushauri tukirudi tulale Nanyuki usiku mbili kwanza. Tulimpa ujira wake kamili, na kaka yetu akamshika mkono kwa muda mrefu.

Karibu na lango tulitandika mikeka tusali. Kibla hapo iko kaskazini, na mlima uko kusini. Tulipotoa salamu Mama alitazama nyuma, akacheka: "Siku tatu njiani tunaujia, na sasa tumeupa kisogo." Mawingu yalikuwa yameufunika wote.