Vihesabio vya utendaji katika uigaji wa kompyuta

Vihesabio vya utendaji ni rejista ndani ya prosesa zinazohesabu matukio, kwa mfano idadi ya maagizo yaliyotekelezwa. Programu huria ya uigaji gem5, iliyotokana na kuunganishwa kwa M5 na GEMS mwaka 2011, huweza kuvitumia kama saa. Mfumo unaochunguzwa huendeshwa moja kwa moja na prosesa halisi kupitia KVM ya Linux. Kihesabio kikifikia idadi iliyopangwa, kazi hukatizwa na gem5 hushika tena usukani. Kasi huongezeka sana, lakini katizo huweza kuchelewa kwa maagizo kadhaa, hivyo jaribio lilelile huweza kutoa matokeo tofauti.

Aidha, kompyuta pepe nyingi za kukodi huficha vihesabio hivyo. Mtafiti asiye na mashine yake huweza kulazimika kutumia uigaji wa kina, ambapo kazi ya sekunde moja huweza kuchukua saa nyingi.