Mwenye Usonji Naye Hupenda: Nasaha kwa Msomaji wa Riwaya

Wako watu wanaoidharau riwaya ya mapenzi wakidhani kazi yake ni kupitisha saa tu. Wanakosea. Riwaya hizo hutufundisha, bila sisi kujua kuwa tunafundishwa, ni nani anayestahili kupendwa na ni nani wa kupitwa. Kwa miaka mingi waliostahili walikuwa wazuri wa sura na watamu wa maneno, wale wanaojua maana ya kila jicho linalowatazama. Mtu anayechanganyikiwa na makelele, au asiyejua la kusema wenzake wanapocheka, hakuwa na nafasi humo.

Mwaka 2018 mwandishi wa Marekani aitwaye Helen Hoang alitoa riwaya ya The Kiss Quotient, na mhusika mkuu wake, Stella Lane, ni mwanamke mwenye usonji (kwa Kiingereza, autism). Stella ni mtaalamu wa hesabu za uchumi huko California, hodari kazini na mwenye kipato kizuri. Lakini mshono wa nguo ukimkwaruza hatulii, harufu kali humvuruga, na busu humtia karaha. Akiamini kwamba kasoro ni yake, anamlipa Michael Phan, kijana anayejikodisha kwa wanawake, amfundishe mapenzi. Biashara hiyo siisifu, na kitabu chenyewe kina mambo ya chumbani yasiyofaa watoto. Hata hivyo kilipendwa sana, na mwaka huohuo kura za wasomaji wa tovuti ya Goodreads zilikipa ushindi katika riwaya za mapenzi. Ninachotaka tukitafakari leo ni maneno ya wasomaji juu ya Stella, kwa kuwa maneno hayo yanatufunua sisi wenyewe.

Wako waliosema, “Huyu hana usonji. Ana kazi, ana nyumba, anazungumza vizuri.” Wamesahau kwamba aliyemwandika ana usonji yeye mwenyewe. Hoang aligundulika kuwa nao mwaka 2016, akiwa mtu mzima, baada ya mwalimu wa binti yake kueleza wasiwasi juu ya mtoto, naye mama akasoma na kujiona katika yale aliyoyasoma. Wahenga walisema nyumba usiyolala ndani hujui ila yake. Daktari Leo Kanner alipoandika habari za watoto 11 mwaka 1943, wanane walikuwa wavulana, na tangu hapo sura ya mtoto wa kiume asiyesema na mtu imekaa vichwani mwa watu. Wanawake wengi wamepita bila kutambuliwa kwa sababu walijifunza mapema kuwaiga wenzao na kuficha taabu yao. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba hafanani na usonji ni kumwadhibu kwa kujikaza kwake. Hoang aliliandika jambo hili katika The Heart Principle, mwaka 2021. Anna, mpiga fidla, anagundulika kuwa na usonji ukubwani. Anapomweleza dada yake, dada anakataa kuamini. Basi msomaji anayemkatalia Stella usonji wake ajue kwamba amesimama upande wa dada huyo.

Wengine walisema kwamba wenye usonji hawana hisia, hivyo kuwaandikia mapenzi ni uongo. Neno hili ni baya kuliko la kwanza, kwa maana linamtoa mtu katika ubinadamu. Katika riwaya nyingine ya Hoang, The Bride Test, ya mwaka 2019, kijana Khai mwenye usonji anampoteza binamu yake aliyempenda. Kwa kuwa huzuni yake haikutoka kwa namna wengine walivyoitazamia, anaishi akiamini kwamba hana moyo. Ni mangapi tunayoyahukumu kwa sura ya nje tu! Asiyelia msibani tunamwita mkavu. Mtoto asiyemtazama mkubwa usoni wakati wa salamu tunasema hakufunzwa adabu. Mwaka 2012 Damian Milton, msomi wa Uingereza ambaye naye ana usonji, alieleza kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili: mwenye usonji hupata shida kumsoma asiye nao, na asiye nao hupata shida ileile kumsoma mwenzake. Kwa nini basi lawama zote abebe mmoja?

Yako pia malalamiko yanayotoka kwa wasomaji wenye usonji wenyewe, na haya yatupasa kuyapokea kwa heshima. Baadhi yao walifurahi mno kujiona kitabuni. Wengine walichukizwa na wazo kwamba Stella alihitaji mwalimu wa kumrekebisha, au wakasema kwamba si kila mwenye usonji ana akili za ajabu na fedha benki. Kabla ya riwaya ya Stella, The Rosie Project ya Graeme Simsion wa Australia, iliyotoka mwaka 2013, iliwachekesha wengi kwa profesa Don Tillman, mwenye tabia zinazofanana na za usonji, anayetafuta mke kwa karatasi ya maswali. Wako wenye usonji waliocheka pamoja naye, na wako waliohisi kwamba wao ndio waliokuwa wakichekwa. Kutofautiana huku kusitushangaze, wala tusichague sauti moja inayotupendeza tukaifanya ushahidi wa kuwanyamazisha wengine. Hakuna riwaya moja inayoweza kuwabeba watu wote wenye usonji, kama vile hakuna inayotubeba sisi sote. Dawa yake ni riwaya nyingi zaidi, na waandishi wengi zaidi wanaoandika maisha wanayoyaishi.

Hili linatuhusu hata sisi tusiowahi kufika California. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unatambua katika ibara ya 23 haki yao ya kuoa, kuolewa na kuwa na familia kwa hiari yao. Kenya iliuridhia mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009. Lakini sahihi ya serikali haimfungulii mtu mlango wa nyumba ya wakwe. Mlango huo unafunguliwa na sisi, wajomba na mashangazi tunaokaa kikao cha posa na kuuliza, “Huyu naye ataweza ndoa?”

Kwa hiyo nawasihi. Ewe msomaji, ukikutana na mhusika asiyefanana na usonji unaoujua, ongeza ujuzi wako kabla ya kumkana. Ewe mzazi, usimlee mwanao mwenye usonji kana kwamba atabaki mtoto milele. Mfundishe kukubali na kukataa, mweleze habari za mwili wake na heshima yake, kwani moyo wake utapenda kama mioyo mingine. Ewe mwandishi wa riwaya za Kiswahili, usimwandike ili achekwe, wala usiyafanye mapenzi kuwa tiba ya kumwondolea hali yake. Nenda kwake, msikilize, na akiweza kuandika, mpishe kalamu. Nanyi wazee wa kikao cha posa, mwulizeni mwenyewe anataka nini, mpeni muda wa kujibu, na jibu lake lichukuliwe kuwa jibu la mtu mzima.